Bogenvilia Imenawiri, Maua Hakuna: Isome Miiba Kwanza

Bogenvilia inaweza kukaa ukutani miaka mitatu, majani yakimetameta, fito zimeshapita kimo cha geti, haina doa wala mdudu, na isitoe hata kikaratasi kimoja cha rangi. Kwa jirani ipo nyingine, imekonda, imeota kwenye kifusi cha ujenzi, hakuna anayeimwagilia, na imejaa zambarau mpaka majani hayaonekani. Mwenye ile ya kwanza huongeza samadi. Asipoona mabadiliko, huongeza maji. Hapo ndipo anapolikuza tatizo, maana mmea wake umeshashiba kupita kiasi.

Kabla ya kununua chochote, shika ufito mmoja uliokua karibuni, uukague kuanzia ncha kushuka chini. Pale kikonyo cha kila jani kinapoungana na ufito, yaani kwenye kwapa la jani, utakuta mwiba, na karibu yake kijicho kidogo kinachoweza kuwa tawi. Sasa nenda kwenye bogenvilia inayochanua, uangalie kwapa lile lile. Penye mwiba pana kikonyo chembamba kimebeba maua. Mwiba wa bogenvilia na kikonyo chake cha maua ni ndugu wa tumbo moja: vyote huanza kama kichomozo kile kile, na hali inayokikuta kikiwa kichanga ndiyo huamua kiwe kipi. Mwanga ukiwa hafifu na ufito ukiwa unakimbia, kichomozo huacha kukua, hukakamaa, kikawa mwiba. Mwanga ukiwa mkali na ukuaji ukiwa umepoa, hugawanyika na kuwa kishada. Mara nyingine utaona kilichokwama katikati ya safari, mwiba wenye vijikaratasi viwili vitatu nchani.

Kwa hiyo miiba ni taarifa. Ufito mnene, ulionyooka, wenye miiba mirefu kwenye kila kwapa na nafasi kubwa kati ya jani na jani, unakwambia kwamba mmea una chakula na maji tele na unayatumia yote kurefuka. Majani machanga ya nchani ndiyo mshindani mkubwa wa maua. Yanavuta sukari inayotengenezwa na majani makubwa, na yanapokuwa mengi na yenye nguvu, vichomozo vya kwenye makwapa vinakosa mgao. Kichocheo cha ukuaji kiitwacho jibarelini, ambacho huwa kingi kwenye fito zinazokimbia, nacho hukisukuma kichomozo kuelekea kwenye mwiba. Kila kitu kinachofuata hapa kinarudi kwenye jambo hilo moja: jani kubwa lipate jua la kutosha kutengeneza sukari, na ncha ipunguzwe mwendo ili sukari hiyo ifike kwapani.

Neno moja kuhusu kile tunachokisubiri. Rangi ile ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe ni majani matatu yaliyogeuka rangi, mepesi kama karatasi. Ua lenyewe ni kile kineli chembamba cheupe au cha manjano katikati ya kila karatasi. Ndiyo sababu rangi hudumu wiki kadhaa, wakati maua yenyewe yameshasinyaa siku nyingi.

Jua: lipime, usilikadirie

Bogenvilia inahitaji jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku, na saa 8 ni bora. Mwanga wa "mahali peupe" hauhesabiki kama majani hayapigwi na jua lenyewe. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu wanaupima mmea kwa macho saa sita mchana, wakati jua liko juu na kila kona ya uwanja inang'aa. Chagua siku moja isiyo na mawingu, na kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni tazama kila baada ya saa moja: je, sehemu kubwa ya majani iko juani au kivulini? Andika. Jumla ikiwa 4 au 5, umeshapata jibu, na hakuna mbolea itakayolibadilisha.

Kipimo cha siku moja kina kasoro yake, kwa kuwa jua huhama. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi hiyo saba, kitanda cha maua kilicho upande wa kusini wa nyumba hukaa kwenye kivuli cha nyumba yenyewe, tena ndiyo miezi yenye kipupwe, msimu mkavu ambao bogenvilia ingechanua. Mmea uliopimwa Januari ukaonekana unaota jua mchana kutwa unaweza kuwa kivulini Julai. Kama uko Dar, Zanzibar, Morogoro au kusini zaidi na una nafasi ya kuchagua, panda upande wa kaskazini au magharibi wa ukuta. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, tofauti ya pande mbili ni ndogo, lakini ina shida yake: Juni hadi Agosti mawingu hutanda siku baada ya siku, na bogenvilia iliyo mahali pazuri kabisa inaweza kunyamaza mpaka jua lirudi. Hiyo si hitilafu. Subiri Septemba.

Mwembe au mwarobaini uliokuwa mdogo siku unapanda bogenvilia, miaka mitano baadaye umekuwa mwavuli. Hiki ni chanzo cha kawaida sana cha mmea uliokuwa ukichanua vizuri kisha ukaacha. Punguza matawi ya chini ya mti huo kabla hujaigusa bogenvilia. Na ukiona fito zimepanda hadi juu ya paa na huko juu kuna maua wakati chini ni majani matupu, mmea wenyewe umekuonyesha jua liliko.

Mbolea: hapa ndipo wema unapoponza

Nitrojeni hujenga majani. Bogenvilia ikiwa na nitrojeni nyingi, ncha haziishi kukua, na umeshaona hapo juu ncha zinafanya nini. Kwa vipimo vya mkononi: kizibo kimoja cha soda hubeba takriban gramu 5 za mbolea. Kizibo cha urea, yenye asilimia 46 ya nitrojeni, kina gramu 2.3 za nitrojeni safi. Kizibo kile kile cha NPK 17-17-17, mbolea ya mchanganyiko ambayo nambari zake hufuata mpangilio wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kina gramu 0.85. Tofauti ni karibu mara tatu, lakini ukizitazama kiganjani zinafanana.

Tena si lazima uwe umeiwekea bogenvilia mbolea hiyo mwenyewe. Ukoka unaopakana na ukuta ukinyunyiziwa urea ili uwe kijani, mizizi ya bogenvilia iliyopita chini ya ukoka huo inakula pamoja nao, tena inakunywa maji yale yale ya kila jioni. Mizizi ikifika karibu na shimo la maji taka, inapata chakula na maji mwaka mzima bila mtu kujua. Samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, na ikirundikwa shinani mbichi, inaweza kuulisha mmea majani kwa muda mrefu. Kabla ya kulaumu mmea, uliza kila kinachomwagwa mita mbili kuzunguka shina.

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba fosforasi "huleta maua", basi mtu ananunua DAP na kumwaga. DAP ni 18-46-0. Ile 18 ya mwanzo ni nitrojeni, nyingi kuliko iliyomo kwenye NPK ya 17. Mmea unahitaji fosforasi, lakini ikishatosha kwenye udongo, kuiongeza hakuongezi maua, na ikizidi huuzuia mmea kupata madini ya chuma. Bustani ambayo imekuwa ikipewa samadi miaka mingi kwa kawaida haina upungufu huo. Majivu ya kuni yana potasiamu kweli, lakini hupunguza asidi ya udongo, na bogenvilia inapenda udongo wenye asidi kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Pwani, kwenye udongo wa matumbawe uliojaa chokaa, majivu huzidisha tatizo: majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, dalili ya kukosa chuma. Huko tumia mboji iliyoiva, acha majivu kabisa.

Kiasi cha kutosha? Kwa bogenvilia iliyo ardhini na inayokua vizuri, hakuna. Acha kuilisha msimu mzima wa mvua, uone. Kama udongo ni mchanga mtupu na majani yote yamepauka, gramu 50 za NPK 17-17-17, yaani vizibo 10, zilizotawanywa chini ya ncha za matawi mwanzoni mwa mvua, zinatosha mara moja au mbili kwa mwaka. Iliyo kwenye chungu haina pa kutafuta chakula, kwa hiyo ipe kizibo kimoja kila wiki 6 wakati wa kukua, na usimamishe unapoanza kuikausha kwa makusudi, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Ukishazidisha, mvua kubwa itakusaidia, kwa kuwa nitrojeni huoshwa kirahisi. Ardhini, changanya maranda ya mbao kwenye sentimita chache za juu za udongo, tabaka la sentimita 5 hivi: vijidudu vinavyoyaozesha huchukua nitrojeni ya udongo kufanya kazi hiyo. Kwenye chungu, mimina maji mara tatu mfululizo mpaka yatiririke kwa wingi chini, kisha anza ukaushaji.

Kiu yenye kipimo

Asili ya bogenvilia ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa Philibert Commerçon aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa kwenye safari ya baharia Bougainville, aliyeuachia mmea jina lake. Aina zinazopandwa bustanini huchanua zaidi msimu wa mvua ukipita na udongo ukianza kukauka. Mmea unaopewa maji kila jioni haupati kamwe habari kwamba mvua zimekwisha.

Dar es Salaam na Zanzibar, masika huisha Mei na vuli huja Oktoba hadi Desemba, hivyo kuna nafasi mbili za kuchanua: Julai hadi Septemba, na Januari hadi Februari. Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, bogenvilia haihitaji kufundishwa. Kampala, ambako mvua haikai mbali muda mrefu, iliyo ardhini ni vigumu kuikausha, na njia ya uhakika zaidi ni chungu kinachowekwa chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo jua linafika lakini mvua haifiki.

Kwa mmea wa kwenye chungu au ndoo ya lita 20, acha kumwagilia mpaka uone majani yamelegea asubuhi mapema. Asubuhi ndiyo kipimo. Mchana majani hulegea kwa joto hata udongo ukiwa na maji. Yakilegea asubuhi, mpe lita moja tu, badala ya kuloanisha chungu chote. Subiri yalegee tena, rudia. Endelea hivyo wiki 3 hadi 5. Baadhi ya majani ya zamani yatageuka manjano na kudondoka, nayo si hasara. Kagua makwapa kila baada ya siku mbili. Utakapoona vidoti vya rangi, vidogo kuliko punje ya mtama, kiu imefanya kazi yake: rudisha maji ya kawaida siku hiyo hiyo, polepole, yaloe mpaka chini. Kosa la wengi ni kuendelea kukausha wakiamini kwamba zaidi ni bora, na vidoti vikakauka vikaanguka. Kosa lingine ni kukihamisha chungu kwa furaha na kukiweka barazani kivulini wageni wakione. Kiache pale pale mpaka karatasi zifunguke.

Iliyo ardhini zaidi ya mwaka mmoja haihitaji hesabu hizi. Funga bomba. Mche uliopandwa chini ya mwaka usikaushwe hivi, bado mizizi yake ni michache na itakufa badala ya kuchanua.

Ukubwa wa chungu nao ni sehemu ya maji. Mmea mdogo ndani ya pipa hutumia miezi mingi kuijaza nafasi kwa mizizi, na udongo mwingi hukaa na unyevu muda mrefu. Acha mizizi ibanane. Ukilazimika kuhamisha, chukua chungu kilichozidi kile cha kwanza kwa sentimita 5 tu za upana, na usilivunje donge la udongo, kwa sababu mizizi ya bogenvilia hukatika kirahisi na haisamehi.

Mkasi unaokula maua

Maua hutokea kwenye fito za msimu huu. Ukikata ufito, mmea hutoa mingine, na hiyo inahitaji takriban wiki 6 hadi 10, kutegemea jua na joto, kabla ya kuonyesha rangi. Sasa fikiria uzio wa bogenvilia unaonyolewa kila baada ya wiki tatu ili unyooke kama ukuta. Kila ufito unakatwa ukiwa bado haujafika siku yake. Uzio huo utakuwa kijani na nadhifu milele. Hapa kuna uamuzi wa kufanya, na hakuna ujanja wa kuukwepa: ama mstari ulionyooka, ama rangi. Anayetaka rangi akate mara mbili kwa mwaka, kisha auzuie mkasi mpaka karatasi zimwagike.

Wakati mzuri wa kupogoa ni mara tu maua yanapokwisha, au mvua zinapoelekea kuisha: mwishoni mwa Mei au mapema Juni, na tena mwishoni mwa Desemba, kwa walio pwani ya Tanzania. Rudisha matawi yaliyochanua kwa theluthi moja, ukate juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Zile fito nene zinazopaa kutoka chini, zenye miiba mirefu na hazina tawi hata moja, zikate karibu na shina kama zimejaa. Kama unataka kuziba pengo, zikate katikati: zitagawanyika na matawi yake membamba ndiyo yatakayobeba maua. Fito mpya zikifika sentimita 20 hadi 30, dondoa ncha laini kwa vidole mara moja tu. Baada ya hapo usiguse. Vaa glavu ngumu na mikono mirefu.

Mmea mzee ulioota mizizi mipana, wenye jua la kutosha, usiolishwa, na bado umeng'ang'ania majani, unaweza kupunguzwa kutoka chini. Chukua sepetu kali, chora nusu duara upande mmoja, sentimita 60 kutoka shinani, uizamishe sentimita 25 hadi 30 kukata mizizi ya pembeni. Upande wa pili usubiri msimu mwingine. Hii ni hatua ya mwisho, baada ya mengine yote.

Mche ulitoka wapi

Mche uliooteshwa kwa mbegu hupita utotoni kabla ya kuchanua, na utoto huo unaweza kuchukua miaka. Uliotokana na kipande cha tawi lililokwisha kuchanua hubeba utu uzima wa mama yake. Ukitaka wako, kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye unene wa penseli, kilichoanza kukomaa kuwa mti, kutoka kwenye mmea unaoujua kwa macho kwamba unachanua. Kipande cha ufito unaokimbia nacho hushika, lakini hakikuhakikishii lolote.

Bogenvilia za kubebeshwa, zile zinazouzwa zikiwa na rangi mbili au tatu kwenye shina moja, zina mtego wake. Tafuta uvimbe wa mahali pa kubebeshea. Chochote kinachochipua chini ya uvimbe huo ni cha shina la chini, na kwa kawaida kina nguvu kuliko kilichobebeshwa juu yake. Kikiachwa msimu mmoja, kinakufunika bustani kwa kijani kisicho na rangi uliyolipia. King'oe kikiwa kidogo.

Aina zenyewe hutofautiana tabia. Zile za jamii ya glabra, zenye majani laini yasiyo na manyoya, huchanua mara kwa mara. Za jamii ya spectabilis, zenye majani yenye manyoya na miiba mikubwa iliyopinda, hungoja kiangazi na kisha hutoa zote kwa pamoja.

Urefu wa usiku nao una sehemu yake: usiku mrefu huisaidia bogenvilia kuchanua. Maskati mchana hupungua hadi takriban saa 10 na dakika 40 mwezi Desemba na kufika saa 13 na nusu mwezi Juni, kwa hiyo huko majira ya baridi ni msaada mkubwa. Nairobi tofauti ya mwaka mzima haifiki robo saa, na Dar ni chini ya saa moja, hivyo jua na ukavu ndivyo vinavyotawala. Ila taa kali ya ulinzi inayoumulikia mmea mpaka alfajiri huurefusha mchana kwa nguvu. Igeuze ielekee getini.

Dawa hii si ya kila kichaka

Ukishaona bogenvilia imejibu kwa kiu, usikimbilie kuzuia maji ya haibiskasi. Haibiskasi ikikauka huangusha vitumba vilivyokwisha kuundwa, na hiyo ni shida nyingine kabisa: tazama chini ya mmea. Ukikuta vitumba vya kijani vimedondoka, maua yaliundwa, yakakosa maji au yakaliwa na wadudu. Fungua kitumba kimoja kwa kucha kabla hujafanya lolote.

Asumini hupenda jua kama bogenvilia na hutoa maua kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo anayezihitaji kwa vikuba akate matawi mara baada ya kundi moja la maua kwisha, kisha aendelee kumwagilia. Haidrenjia za Lushoto na Limuru, zile zenye vichwa vikubwa vya buluu na waridi, huendeshwa kinyume: nyingi hubeba vitumba kwenye ncha za matawi yaliyokua msimu uliopita. Anayezikata zote chini ili zianze upya anakata maua ya mwaka mzima. Ondoa kichwa kilichokauka pamoja na jozi moja ya macho chini yake, toa mashina mawili matatu ya zamani kabisa kutoka shinani, na mengine uyaache na ncha zake.